Quruu si hedhi tu

Mwandishi mmoja anasema aya ya 228 ya Suratul Baqara katika Qurani inamtaka mwanamke aliyeachwa angoje "hedhi tatu", basi. Hapana jamani. Neno lenyewe ni quruu, na Waarabu walilitumia kwa hedhi na kwa twahara pia (siku za usafi kati ya hedhi na hedhi), vinyume viwili ndani ya neno moja! Katika madhehebu za fiqhi, Mahanafi wameshika hedhi. Mashafii na Wamaliki, twahara.

Na si ubishi wa maneno matupu. Mke ameachwa akiwa twahara: kwa Mashafii siku zilizobaki zinahesabiwa twahara ya kwanza, kwa hiyo damu ya hedhi ya tatu ikianza tu, eda (huo muda wa kungoja) imekwisha. Kwa Mahanafi bado, mpaka damu hiyo ikatike. Katikati hapo mume wa talaka rejea (ile anayoweza kumrudia mke kabla eda haijaisha) akisema "nimekurejea", ni mkewe au si mkewe?

Mashafii hushika hata ile ta ya "thalaathata", yaani "tatu" katika aya: idadi huja nayo ikihesabu neno la kiume, na tuhr (twahara) ni la kiume. (Mahanafi hujibu kwamba quruu lenyewe ni la kiume, na hapo wana hoja.) Mfasiri akiandika "hedhi" peke yake ameshamchagulia msomaji madhehebu bila kumwambia. Mimi ningeacha "quruu tatu", maelezo yakae pembeni.