Vishikwambi vya Shule za Msingi Kenya: Nani Akabidhiwe Kwanza?

Muungano wa Jubilee ulipoomba kura nchini Kenya mwaka 2013, uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza katika shule za umma. Ahadi ilipoanza kutimizwa mwaka 2016, vipakatalishi vilikuwa vimegeuka vishikwambi, na hatimaye zaidi ya milioni moja viligawiwa shule zaidi ya 20,000.

Mradi huo ulikuwa na manufaa ambayo wakosoaji huyapita haraka. Kwa ajili yake, maelfu ya shule ziliunganishwa na umeme wa gridi au wa jua, na umeme huo unabaki hata kifaa kikiharibika. Masomo yalipakiwa ndani ya vishikwambi, hivyo shule isiyo na intaneti haikuachwa nje.

Hata hivyo, shule nyingi zilivifungia kabatini kwa kuhofia wizi, na walimu wengi walivipokea baada ya mafunzo mafupi mno. Linaloniuma zaidi ni la Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona: vifaa vilivyonunuliwa kwa ajili ya watoto vilisalia shuleni, nao watoto wakategemea redio, runinga, na simu za wazazi waliokuwa nazo.

Mpango wa Tusome, wa kuwafunza watoto wa madarasa ya chini kusoma, ulioanza mwaka 2015, ulifuata njia nyingine. Watoto walipewa vitabu vya karatasi, kila mmoja chake, na walimu wakapewa miongozo ya kufundishia. Vishikwambi vilikabidhiwa maafisa wa mtaala wanaozuru shule, ambao walifuatilia somo, wakawapima wanafunzi wachache kusoma, kisha wakaketi na mwalimu kumwelekeza. Usomaji wa watoto uliimarika waziwazi, kwa idadi ndogo ya vifaa.

Kuna anayeweza kusema, na kwa haki, kwamba mtaala wa umilisi wa Kenya (CBC) unahesabu ujuzi wa kidijitali miongoni mwa stadi zake kuu saba, na kwamba mtoto wa Turkana, kaunti kame ya kaskazini, asipokiona kifaa shuleni huenda asikione popote. Sidai anyimwe. Ila katika darasa la kwanza, ambapo mtoto bado anajifunza kuunganisha herufi, fedha zingetangulia kwa vitabu na kwa anayemwelekeza mwalimu. Vishikwambi vya wanafunzi vingeanzia madarasa ya juu, vikiwa na bajeti ya matengenezo na utaratibu wa kuviazima nyumbani shule zinapofungwa.