Ati Mimi Ndo Mwenyeji

Wallahi mtu akizaliwa Mombasa basi ashaandikiwa kazi mbili, kazi yake na kazi ya kutembeza watu. Mimi ni fundi friji, nina kijiduka changu hapa Majengo, miaka arubaini na moja niko mji huu na Fort Jesus nimeingia mara moja tu, darasa la sita, na siku hiyo nilichokiona ni kisogo cha mwenzangu kwenye foleni na juisi ya ukwaju iliyonimwagikia kwenye kaptula. Basi. Lakini akija mgeni kutoka bara utasikia "si wewe ndo mwenyeji, tutembeze". Kwani kuzaliwa karibu na bahari ni diploma?

Sasa mke wangu ni mtu wa Kitale. Disemba iliyopita akaniambia wazee wanakuja, bahari hawajawahi kuiona hata siku moja. Nikaenda kuwapokea kule Miritini, maana treni ya SGR inakushusha mahali ambapo umefika Mombasa lakini bado hujafika Mombasa, kuna safari nyengine. Namuona baba mkwe anateremka na suti nzito ya kijivu, tai, na kofia ya manyoya. Disemba! Kaskazi imekolea, paka wa Majengo wamelala chali chini ya meza za mihogo, na mzee amevaa kama anaenda kupanda Mlima Elgon. Kwapani ana daftari, lile la shule la kurasa 96. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu, alifundisha GHC, yaani jiografia, historia na uraia, miaka na miaka, na mwalimu nadhani hastaafu, anahamisha darasa tu.

Kesho yake asubuhi tukaanza na pembe za Moi Avenue, zile kubwa za ndovu zinazovuka juu ya barabara, si ndo karibu. Mama mkwe akapigwa picha yake, safi. Mzee akafungua daftari. "Kijana, hizi ziliwekwa lini?"

"Zamani, baba."

Akaniangalia vile alivyokuwa akiangalia watoto waliokuja shule bila homuwaki. "Zamani si mwaka."

Jasho likanitoka, na sijui shetani gani alinishika ulimi, nikajikuta namwambia hizo ni pembe za ndovu wawili wakubwa waliouliwa na Wareno hapo hapo, kila ndovu pembe mbili, hebu hesabu mwenyewe hizo zote. Mzee akaandika. Akamaliza, akasogea, akakunja kidole akagonga pembe kama mtu anayebisha hodi. Ngong'! Akagonga tena. Ngong'! Akageuka polepole. "Kijana, ndovu wa kwenu wana pembe za bati?"

Mke wangu akaangalia upande wa pili, bega linamtetemeka. Muuza kahawa aliyekuwa karibu ndo akaniokoa, ama akanizika, sijui. Ziliwekwa miaka ya 1950, akasema, barabara ikiitwa Kilindini Road, kwa ajili ya kuwalaki watu wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, na hakuna ndovu aliyefukuzwa wala kuuliwa, ni aluminiamu. Mzee akakata mistari yangu yote kwa rula. Katembea na rula!

Fort Jesus basi nikanyamaza kabisa, nikamwachia kazi kijana anayetembeza watu pale. Na huyo kijana jamani anajua. Wareno walianza kujenga 1593 wakamaliza 1596, mchoraji Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiiangalia kutoka juu ngome imekaa kama mtu amelala chali. Mimi nikasema huyo mtu namuelewa, na lile jua hata mimi nilikuwa nishaanza kulala. Ukuta wa matumbawe unarudisha joto kama tanuri ya mkate, juu unachomwa na jua, ubavuni unachomwa na Wareno. Akaendelea, Waomani waliizingira 1696 mpaka 1698, miezi thelathini na mitatu watu wako ndani wanakufa na njaa na maradhi. Mzee anaandika tu, tai haijalegea. Mimi saa mbili na nusu zilinishinda na nilikuwa na chupa ya maji baridi.

Halafu akataka kujua ngome ilitekwa mara ngapi. Mara tisa, kati ya 1631 na 1875. Akataka aelezwe moja moja. Mama mkwe akakaa juu ya mzinga akavua viatu. Tulipofika kwenye habari ya jela, maana Waingereza waliigeuza jela tangu 1895 hadi 1958, mzee akauliza wafungwa walikuwa wakilala upande upi, na mimi nikauliza swali lile lile lakini kwa sababu zangu nyengine.

Tukatoka, tukaingia Mji wa Kale, vichochoro vina kivuli alhamdulillahi, milango ya nakshi, balkoni za mbao, harufu ya udi na samaki wa kukaanga zimechanganyika huwezi kuzitenganisha. Pale mzee akasimama mbele ya kibao cha barabara. "Ndia Kuu." Akatoa kalamu. "Kosa la tahajia. Ni njia."

Nyinyi mmewahi kuona mtu amezama halafu mguu ukagusa mchanga? Ndo mimi. "La, baba, hapo hakuna kosa. Sisi watu wa Mvita njia twaita ndia. Njaa ni ndaa. Na nikitaka uje nakwambia ndoo." Mzee akafikiri. "Kwa hivyo mtu akiambiwa ndoo, anakuja yeye au analeta maji?" Nikamwambia itategemea ni nani anayemuita, akiwa mke wangu utakuja na uje na maji. Mzee akacheka! Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni. Akaandika mistari mitatu bila rula.

Mchana tukakamata tuktuk kwenda Bamburi. Wao watatu nyuma, mimi mbele na dereva, tako moja ndani jengine liko Nyali Bridge linaangalia maji. Tukafika Haller Park. Pale nilitarajia mzee atapenda viboko, wale wanalishwa saa kumi jioni, watu wanajaa na simu zao juu. Wapi! Mzee kapenda jongoo. Ndio, jongoo, huyo huyo unayemfagia mlangoni. Kumbe pale palikuwa shimo la kuchimba mawe ya saruji, jiwe tupu, halioti hata jani, na 1971 Mswisi René Haller akaanza kupanda miti, mivinje ikakubali. Lakini majani ya mvinje yakawa yanaanguka hayaozi, yamelala tu kama vijana wa mtaani kwetu, mpaka akaleta majongoo wakayala wakayageuza mbolea, ndo udongo ukapatikana, ndo ukaja msitu. Mzee akachuchumaa na suti yake dakika ishirini anamuangalia jongoo mmoja akipita, na kila nikisema baba twendeni kwa twiga ananiambia "subiri, anafanya kazi".

Twiga nao tukawafikia. Mama mkwe kashika chakula mkononi, twiga akateremsha ule ulimi mweusi mrefu, una mate mazito kama mlenda, akafagia chakula akaendelea mpaka kwenye kiwiko. Mama alipiga yowe moja hata viboko wakazama. Halafu akasema "tena". Alifanya mara nne. Mzee akataka kuonyeshwa kobe aliyefanya urafiki na mtoto wa kiboko, yule aliyeachwa yatima kule Malindi na tsunami ya Disemba 2004, na aliposikia jina la kobe ni Mzee akanyoosha tai.

Ngamia wa ufukweni siwezi kueleza sana kwa sababu bado kunaniuma mfukoni. Mwenye ngamia kaiona ile suti toka mbali, bei ikapanda kabla ngamia hajapiga magoti. Nikaongea Kimvita chote ninachokijua, nikataja mpaka jina la bibi yangu. Akanipunguzia shilingi hamsini, "kwa sababu wewe ni mtu wa nyumbani".

Jioni tukaenda Mama Ngina, pale kando ya bahari watu wanapopunga upepo. Upepo ukaanza, meli kubwa inapita karibu utadhani itapanda barabarani, watoto wanakula mabuyu midomo myekundu. Nikanunua viazi karai na mihogo ya pilipili na ndimu, mzee kakaa chini ya mbuyu, mara hii amevua koti. Akainua macho. Nikaona mkono unakwenda kwenye daftari. "Kijana, huu mti una miaka…"

"Baba, kula kiazi, kinapoa."

Akala. Akala kengine. Akamaliza sahani yangu.

Siku ya kuondoka pale Miritini akaniita kando, akanipa daftari. Ati mwezi wa Aprili kwaya ya kanisa lao inakuja, watu thelathini na wawili, wameuliza kuna mwenyeji yeyote wanayemjua, akawaambia yupo. "Jisomee kijana, muda unao." Treni ikaenda. Nikafungua ukurasa wa mwisho, kumbe kanisahihisha, wino mwekundu, jina langu limeandikwa juu. 2 kwa 10. Moja ya ndia, moja ya viazi.