Heliamu Ilivyotutimua Maabara

Kama hujawahi kukimbia kwenye theluji na kandambili saa nane za usiku, usinihadithie habari za baridi.

Nilikuwa mwanafunzi Marekani, kwenye maabara ambayo elektroni hubanwa katika tabaka jembamba la galiamu arsenidi, nusu-kipitishi cha umeme, hadi zisiweze kupanda wala kushuka, zitambae ubapa tu. Zipoze karibu na sifuri kabisa, baridi ya mwisho isiyopitika, ziwashie sumaku, na hapo ndipo zinapoanza kugombana: zijipange mistari, au ziwe fuwele, kila moja mahali pake, ile aliyoitabiri mwanafizikia Wigner mwaka 1934?

Na sisi tuligombana vilevile. Mimi chama cha mistari: tesla mbili na ushei (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), joto chini ya kelvini 0.1, yaani sehemu ya kumi ya digrii juu ya sifuri kabisa, halafu unaona umeme unapita kwa raha upande huu na kukwama upande ule. Mwenzangu, Mjerumani mrefu kama mnazi, chama cha fuwele, na yake haianzi kuonekana mpaka upite tesla 12. Sampuli zetu mbili, jokofu moja, sumaku moja. Hebu fikiria.

Usiku ule zamu ilikuwa yangu. Nimetoka kuchemsha chai, narudi, nambari za sumaku zinapaa.

"Naenda 14 mara moja tu, narudi," akasema, bila hata kugeuka.

Sasa, sumaku ile haiharakishwi. Waya wake ukipata joto kidogo tu, unaacha kupitisha umeme bila ukinzani. Nishati yote iliyomo inageuka joto, na heliamu, kimiminika kinachoipoza, inachemka kwa mkupuo. Lita moja ya kimiminika hicho hutoa zaidi ya lita 700 za gesi.

Tukasikia "tik". Basi. Mjerumani akasema neno la kwao. Mara mngurumo, ukungu mweupe hadi darini, king'ora cha upungufu wa oksijeni kikalia, na chai yangu sijui niliiachia wapi.

Zimamoto wakafika na mipira yao. "Moto uko wapi?"

"Hakuna moto," Mjerumani akajibu kwa heshima zote. "Ni baridi imetoka."

Yule askari akanitazama miguuni, akatikisa kichwa, akaenda kuniletea blanketi.

Wiki iliyofuata tukaonyesha grafu kikaoni. Mstari unapanda taratibu, halafu unaruka nje ya karatasi. Profesa mgeni akasogeza kiti, macho yamemtoka: "Hii hali mpya ya elektroni? Mmeipataje?"

Mjerumani akakohoa. "Hapo, Profesa, ni heliamu inaaga."