Bakshishi mezani Dodoma: ya mhudumu peke yake au ya jiko zima?

Bunge la bajeti linapokaa Dodoma, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, migahawa ya Area D na Kisasa hujaa hadi usiku. Wageni wa vikao na semina wanakula, wanalipa, na wengi wanaacha kitu: buku, buku mbili, mara mojamoja noti ya elfu kumi. Wakishaondoka ndipo ubishi unapoanza kati ya mhudumu, jikoni na kaunta. Pesa ile ni ya nani?

Wahudumu wengi watakujibu hapohapo kwamba ni ya aliyepewa, na hoja yao ina uzito. Bakshishi haipo kwenye bili. Mteja ameitoa kwa hiari yake, mkono kwa mkono, akijua anampa nani. Mhudumu ndiye aliyekuja na birika na beseni akawanawisha, akavumilia oda iliyobadilishwa njiani, akakumbuka kwamba mzee wa pembeni hali pilipili. Tena ndiye anayebeba shoti, yaani pesa inayopungua kwenye hesabu. Katika baa na migahawa mingi, kinywaji kinatoka kaunta kwa jina la mhudumu, na usiku wakati wa kufunga hesabu, mteja aliyeondoka bila kulipa anageuka deni lake. Kama hasara ni yangu peke yangu, anauliza, kwa nini bakshishi iwe ya wote?

Swali hilo halistahili kupuuzwa. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata ujira kufidia hasara kama apendavyo. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, apewe maelezo kwa maandishi, apate nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mteja anayetokomea wakati mhudumu yuko meza nyingine ni kosa la mhudumu kweli? Kwa hiyo shoti inatakiwa kushughulikiwa kwa sheria hii, na wafanyakazi wana haki ya kuidai. Ila pale ambapo haifuatwi, kumwambia mhudumu atie bakshishi yake kwenye kapu la wote huku shoti ikibaki shingoni mwake ni kumwonea.

Sasa ingia jikoni. Meza ya watu sita imeagiza mbuzi choma kilo mbili, ndizi, kachumbari na soda. Bili ni 87,000, mmoja anatoa 90,000 na kusema, "Chenji baki nayo." Kilichowafurahisha ni nyama. Nyama hiyo imekaa juu ya makaa muda mrefu, mchomaji akiigeuza na kuinyunyizia maji ya chumvi, macho yamemwiva kwa moshi. Nyuma yake kuna dada ambaye tangu mchana yuko kwenye karo anaosha sahani na sufuria. Hao wawili mteja hajawaona na hatawaona. Chakula kikichelewa wanagombezwa wao. Kikiwa kitamu, asante inaishia mezani. Mhudumu hodari hawezi kuokoa nyama mbichi, na hilo wahudumu wenyewe wanalijua, ndiyo maana wapo wanaompitishia mchomaji chochote kimyakimya ili meza zao zihudumiwe kwanza. Mgawo upo tayari, ila ni wa kificho na hauna kanuni.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, na halisemwi vya kutosha. Wahudumu wengi ni wasichana, na wapo wateja wanaodhani noti ya elfu kumi inanunua namba ya simu, au zaidi ya hapo. Bakshishi ikiwa ya mtu mmoja, msichana anabaki peke yake na mteja huyo: akimkatalia, anapoteza nauli ya kurudi Nkuhungu usiku. Ikiwa ni ya kapu, anaweza kupokea, akasema asante, na mteja akajua kwamba pesa ile inakwenda kwa watu wanane. Kapu halimalizi usumbufu, ila linampunguzia mteja nguvu aliyojipa kwa noti moja.

Pamoja na hayo, wanaoliogopa kapu wana sababu. Kapu likikaa kaunta, funguo anazo meneja. Nimesikia malalamiko ya aina moja mara nyingi: pesa inahesabiwa wenyewe hawapo, glasi zilizovunjika zinafidiwa humo, na msimamizi ambaye hajabeba sahani hata moja anachukua fungu la kwanza. Uingereza nao walikuwa na kilio kama hicho hadi wakatunga sheria mwaka 2023, iliyoanza kutumika 1 Oktoba 2024. Mwajiri anatakiwa kuwapa wafanyakazi bakshishi yote bila kukata, aigawe kwa haki, na awe na utaratibu wa maandishi. Marekani ilikwishazuia mwaka 2018 waajiri, mameneja na wasimamizi kujichotea bakshishi za wafanyakazi. Sheria yetu ya 2004 haina sehemu inayopanga mgawo huu, kwa hiyo kila mgahawa unajiamulia.

Lipa namba imeongeza utata. Mteja anaongeza elfu tano juu ya bili, anadhani amemtunza dada aliyemhudumia, kumbe pesa imeingia kwenye akaunti ya mwenye mgahawa pamoja na mauzo. Wapo waajiri wanaoirudisha jioni hiyohiyo, na wapo wanaosahau hadi waulizwe. Mhudumu akitoa namba yake binafsi, mwenye mgahawa naye anashtuka, na hofu yake si ya bure, kwani ni rahisi bili nzima kupitia hapo. Njia iliyo wazi zaidi ni namba ya pili ya kikundi cha wafanyakazi, iliyobandikwa mezani kando ya ile ya bili, yenye watia saini wawili au watatu kama akaunti za vikoba.

Lolote litakaloamuliwa, bakshishi isihesabiwe kama mshahara. Marekani hiyohiyo inaruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu 1991, kwa kutegemea kwamba wateja watajaza pengo, na mwajiri huongeza tu pale bakshishi zisipofikia kima cha kawaida cha dola 7.25. Hapa Dodoma hesabu ya namna hiyo ingeanguka mwezi Julai. Bunge likiahirishwa, meza zinabaki tupu, kapu linakauka, lakini kodi ya chumba iko palepale.

Mimi naegemea upande wa kugawana, kwa masharti. Nusu ibaki kwa mhudumu wa meza, maana kazi yake ni ya kweli na kumnyang'anya yote kutamfanya afiche. Nusu iende kwenye kapu la mchomaji, wapishi, waosha vyombo na wa kaunta. Lihesabiwe na wafanyakazi wenyewe mbele ya wenzao, kila mwisho wa wiki, na mwenye mgahawa na meneja wasiliguse, hata kwa glasi iliyovunjika. Na kabla ya yote, shoti iondolewe mabegani mwa mhudumu; mwajiri asiyekubali hilo hana uso wa kuhubiri kugawana.

Wanabaki vibarua wanaoitwa miezi ya Bunge tu. Wafanyakazi wa kudumu huwaona kama wapita njia, na mara nyingi ndio wanaorukwa. Wahesabiwe kwa shifti walizofanya, sawa na wengine, na walipwe fungu lao kabla hawajaondoka mwishoni mwa Juni, kwa sababu Julai hawatakuwepo kulidai.