Kisumu si sumu ndogo

Siku programu yangu ilipokutana na neno Kisumu kwa mara ya kwanza, ilijibu bila kusita kwamba hiyo ni sumu ndogo. Ki- ya udogo, kisha sumu, kama gari na kigari. Kakamega nayo ikageuka mwaliko wa ugali: "kaka, mega." Nilikuwa nimeifundisha kutenganisha maneno ambayo watu huyabananisha wakiandika kwa simu, nayo ikatii kupita kiasi.

Hiyo ndiyo kazi inayonikesha, mwaka wa tatu sasa, katika masomo ya uzamifu wa sayansi ya kompyuta. Nataka kompyuta ilivunje neno la Kiswahili vipande vipande na kujua kila kipande kinafanya nini. Hatutawapikia: ha-tu-ta-wa-pik-i-a. Kitenzi kimoja huzaa maumbo mengi mno, huwezi kuyaorodhesha yote na kuyahifadhi. Ndiyo maana ukiandika Kiswahili sanifu kwenye kompyuta unapigiwa mistari myekundu kana kwamba ni mtoto wa chekechea. Mimi si wa kwanza kulishika jembe hili. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kulishughulikia miaka ya 1980. Huku kwetu kuna Kencorpus, ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno ni miongoni mwa walioikusanya: maandishi ya maneno milioni 5.6 na sauti za saa 177, kwa Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluhya. Bila watu hao ningekuwa bado nanakili magazeti kwa mkono.

Lakini leo nina neno kuhusu hesabu. Ili kunipa shahada, idara yangu inahesabu makala mawili katika majarida, kisha tasnifu. Programu niliyoandika haina alama. Kufundisha nako hakuna alama, ingawa nafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Kisumu kama mwalimu wa kibarua. (Malipo ya muhula uliopita naambiwa yako njiani. Njia hiyo lazima inapitia Lodwar, kule mbali kaskazini.) Katika fomu zetu, utafiti ni kazi, na hayo mengine ni kama kucheza bao la ajua baada ya kazi.

Mimi naona tumeyapindua mambo, na nitawasimulia ni kwa nini.

Alhamisi moja stima ilipotea saa nne asubuhi, katikati ya somo la kupanga orodha. Maabara ikawa tanuri. Nikawatoa wanafunzi arobaini nje, nikawasimamisha mstari chini ya mwembe, nikawaambia wajipange kwa kimo bila kupiga kelele. Haikuwezekana. Basi nikamtoa kijana wa kwanza mstarini, yeye ndiye nguzo: wafupi kuliko yeye wapite kushoto, warefu kulia. Kisha kila upande ukachagua nguzo yake, ukajigawa tena, na tena, mpaka wakabaki mmoja mmoja. Walishangaa kwamba mstari ulikuwa umekaa sawa na hakuna aliyeuona ukipangika. Nikawaambia njia hii ilibuniwa na Mwingereza Tony Hoare mwaka 1959, akiwa mwanafunzi mgeni Moscow. Alikuwa kwenye mradi wa kutafsiri Kirusi kwa mashine, akahitaji kupanga maneno ya sentensi kabla ya kuyatafuta katika kamusi iliyokuwa kwenye utepe wa sumaku. Alikwenda kwa ajili ya lugha, akarudi na njia ambayo leo imo ndani ya programu zisizohesabika.

Nilikuwa najisikia vizuri sana, mkono mfukoni, ndipo binti mmoja aliyekuwa mwisho kabisa wa mstari akauliza, "Mwalimu, na kama tungekuwa tumeshajipanga tangu mwanzo?"

Swali zuri kuliko somo. Ukichukua wa kwanza kuwa nguzo, na mstari tayari uko sawa, basi nguzo ni mfupi kuliko wote. Kushoto hakuna mtu, kulia wapo thelathini na tisa. Rudia: thelathini na nane. Hamgawanyiki, mnapungua mmoja mmoja tu, na mkimaliza mmelinganishana mara 780. Nikamjibu hivyo, wakaandika, stima ikarudi, tukaingia ndani.

Usiku nikiwa nyumbani Nyalenda, sufuria ya omena ikiwa jikoni, jibu langu mwenyewe likanirudia. Programu yangu ilikuwa na ugonjwa wa kujikokota. Kwa miezi minne nilikuwa nimeulaumu mtandao, laptopu, hata sarufi ya Kiswahili. Mizizi ya maneno nilikuwa nimeihifadhi katika mti wa kutafutia, ambao kila neno linalokuja linaning'inizwa kushoto au kulia kulingana na alfabeti. Na nilikuwa nimeyaingiza maneno kutoka wapi? Kutoka kwenye kamusi. Yamepangwa tayari, A hadi Z. Kila neno lilikwenda kulia kwa lililotangulia. Ule haukuwa mti, ilikuwa kamba. Kwa mizizi 8,000, mti uliokaa vizuri unakufikisha kwa neno lolote kwa hatua kumi na tatu hivi. Kwenye kamba unatembea hatua 4,000 kwa wastani. Nilizima moto, nikachanganya maneno ovyo kabla ya kuyaingiza, nikaendesha programu upya. Iliyokuwa ikichukua muda wa kwenda dukani na kurudi ikaisha kabla sijaketi. Omena zilikuwa zimepoa.

Jambo hilo ni la kitabu cha mwaka wa pili, naona aibu kulitaja. Lakini waliosoma rasimu ya makala yangu hawakuliona, kwa sababu hakuna aliyeombwa kuifungua programu yenyewe.

Msimamizi wangu, ninayemheshimu sana, huniambia, "Andika kwanza, kijana. Hayo mengine utayafanya ukishaitwa daktari." Ana hoja. Nawajua watu waliozama kwenye programu hadi miaka saba ikawaishia bila tasnifu. Na programu nyingi za wanafunzi wa uzamifu ni majengo ya maonyesho, mbele rangi, nyuma mabati. Yangu imo humo. Yule binti alipojaribu kuiendesha kwenye kompyuta yake, ilikataa, kwa kuwa nilikuwa nimeielekeza kwenye folda iliyo katika laptopu yangu pekee. Matokeo niliyochapisha yalikuwa ya kweli, ila kwenye mashine moja tu duniani.

Sasa hapo ndipo ningependa tuangaliwe. Siku ya utetezi wa tasnifu, iwekwe mezani kompyuta ambayo mtahiniwa hajawahi kuigusa. Mtahini apakue programu, aiendeshe, aipe neno alilolichagua mwenyewe. Anayeogopa jambo hilo ana sababu ya kuogopa.

Na tusiseme programu si elimu, hasa sisi wa upande huu. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001. Kutokana na kazi ya Eldoret, wakati wagonjwa wa UKIMWI wakizidi uwezo wa mfumo wa mwanzo, ndipo OpenMRS ilipoanza kubuniwa mwaka 2004. Ni programu huria ya kuweka rekodi za wagonjwa, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na leo inatumika katika nchi nyingi ambazo watu wake hawajawahi kusikia jina Mosoriot. Mwanafunzi wangu akirekebisha kosa moja humo, nesi asiyemjua atamaliza foleni mapema. Alama atakazopata chuoni kwa hilo: sifuri.

Wiki iliyopita binti yule aliniletea marekebisho ya Kisumu. Ameongeza orodha ya majina ya mahali, na kanuni kwamba herufi kubwa katikati ya sentensi ni dalili ya jina. Mwanzoni mwa sentensi bado tunapambana. Nami nilikuwa najaza fomu ya maendeleo ya mwaka. Machapisho yamepewa ukurasa mzima. Nikaandika mistari miwili. Chini kabisa kuna "Mengineyo", nafasi ya mistari miwili. Nikaandika hadi nafasi ikaisha, nikageuza karatasi, nikaendelea nyuma, na jina lake nimeliweka la kwanza.