Balsa Ikiondoka, Roketi Inabaki Toi

Boksi nyingi za roketi za mfano zinazouzwa siku hizi, ukizifungua unakuta mapezi ni ya plastiki na yameshaungwa kwenye kitako kiwandani. Pachika pua, funga parachuti, chai haijapoa umemaliza. Zinaruka vizuri, sibishi. Ila kazi iliyokuwa ikimfundisha mtu roketi ni kitu gani, ndiyo hiyo iliyoondolewa.

Chukua pezi la balsa, mbao ile laini na nyepesi. Zamani ulipewa kibao chembamba na karatasi ya kuchorea umbo, basi. Kosa la kwanza la kila mgeni lilikuwa kutotazama nyuzi za mbao. Nyuzi zinatakiwa zifuate ukingo wa mbele wa pezi, ule unaopasua hewa. Zikilala sambamba na mwili wa roketi, pezi litakatika shinani, pale linapobandikwa kwenye bomba, siku ya kwanza kutua kwenye ardhi ngumu, kwa sababu balsa hupasuka kufuata nyuzi zake. Baada ya kukata, unayabana mapezi yote pamoja na kuyapiga msasa kwa mpigo mmoja ili yalingane. Kisha unaviringa ukingo wa mbele na kuuchonga wa nyuma uwe mwembamba. Shina huligusi, likiviringika halikai vizuri kwenye bomba.

Mistari ya kubandikia ilichorwa kwa fremu ya mlango. Unalaza bomba la karatasi kwenye kona ya fremu, penseli inafuata ukingo, mstari unanyooka kuliko wa rula. Halafu gundi nyeupe ya mbao: paka kidogo kwenye shina la pezi na kwenye mstari, acha ikauke, paka tena kidogo, ndipo ubandike. Kwa njia hiyo hushika upesi na pezi haliinami. Ikikauka kabisa unapitisha gundi kwenye kona kwa ncha ya kidole. Tabaka jembamba, mara mbili au tatu. Ukirundika nene kwa pupa, itanywea na kuacha matundu. Supaglu ni ya haraka, lakini kiungo chake hakivumilii kishindo.

Kuziba vinyweleo vya mbao ndiko kulikowashinda wengi: paka, subiri, msasa laini, rudia mpaka nyuzi zisionekane chini ya rangi. Na uzibe pande zote mbili siku hiyohiyo, maana ukipaka upande mmoja pezi litajikunja kama ukoko wa mkate. Kwa pua, nakiri, plastiki imeshinda. Hakuna anayelilia kuziba pua ya balsa.

Mota tu, kile kigamba cha baruti kinachoirusha roketi, ndiyo hukutengeneza mwenyewe, na ilikuwa sawa. Orville Carlisle, muuza viatu wa Norfolk, Nebraska, alibuni roketi ndogo ya karatasi na balsa mwaka 1954. Baada ya Wasovieti kurusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, mwaka 1957, vijana wa Marekani walikuwa wakijilipua kwa mabomba ya chuma waliyoyashindilia kemikali. Mwaka 1958 Vern Estes, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya roketi za mfano ya Estes, aliunda mashine ya kushindilia baruti kwenye vigamba vya karatasi, akaiita Mabel. Ukiona B6-4 kwenye mota, B ni daraja la nguvu yake yote, yaani msukumo mara muda unaodumu, isiyozidi nyutoni-sekunde 5. 6 ni msukumo wa wastani kwa nyutoni. 4 ni sekunde za kusubiri, baruti ikiisha, kabla ya mlipuko mdogo wa kusukuma parachuti nje.

Hapo ndipo utepe wa karatasi unapoamua mambo. Kwenye roketi isiyo na kibanio cha chuma cha kushikilia mota, unauzungushia mota mpaka iingie kwa kusukumwa. Ikilegea, mlipuko utaitema mota yenyewe badala ya parachuti, na roketi itashuka kama msumari.

Kabla ya kurusha roketi uliyoibuni mwenyewe, weka mota, tafuta pale inapokaa mizani, funga uzi wa mita 2 au 3 hapohapo na uizungushe juu ya kichwa. Ikitangulia pua, iko tayari. Ikienda kimgongomgongo, ongeza udongo wa kufinyangia ndani ya pua au ukate mapezi makubwa zaidi. Uzito unapaswa kukaa mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, angalau kwa upana mmoja wa bomba.

Vifaa vya zamani navyo vilikuwa na ubahili wao. Mpira wa kuunganisha pua na mwili ulikuwa mfupi mno, kwa hiyo parachuti ikitoka, pua huvutwa kwa kasi na kurudi kugonga mdomo wa bomba. Tupa ule wa kwenye boksi, uweke wenye urefu mara tatu ya mwili.