Mbwa Hadanganyiki? Na Wewe Je?

Video imenifikia tena wiki hii. Najua nanyi mmeiona, au mmeona pacha wake. Mbwa mzee anajikongoja, miguu ya nyuma inamtetemeka, kinanda kinalia kwa huzuni. Anatokea daktari mwenye glavu, sindano inaingia kwenye nyonga, maandishi yanapita: "baada ya wiki sita". Mbwa yule yule sasa anafukuza mpira kwenye majani. Seli shina (seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine), tunaambiwa, zilizotolewa kwenye mafuta yake mwenyewe. Aliyenitumia ni binamu yangu, mtu wa akili zake kwa kawaida, na ameongeza lake: "Mwonyeshe shangazi, magoti yake yatapona. Watu wanaweza kujidanganya, lakini mbwa hadanganyiki."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniweka macho usiku nikaanza kuandika.

Kabla hamjanirushia mawe kwamba napinga sayansi, nikubali yanayostahili kukubaliwa. Seli shina za mtu mzima zinatibu. Zimeanza kutibu kabla wengi wetu hatujazaliwa. E. Donnall Thomas aliandika juu ya kuwawekea wagonjwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, wa watu wengine mwaka 1957, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1990, na katikati hapo kuna miaka mingi ya wagonjwa kufariki na madaktari kurudi mezani kuanza upya. James Till na Ernest McCulloch kule Toronto walionyesha mwaka 1961 kwamba ndani ya uboho kuna seli zinazoweza kuzaa upya damu. Leo mtoto mwenye saratani ya damu au selimundu anaweza kupona kwa njia hiyo, akipata wa kumchangia anayelingana naye. Ulaya tangu mwaka 2015 kuna tiba ya jicho lililoungua kwa kemikali: seli zinachukuliwa kwenye sehemu nzima ya jicho la mgonjwa mwenyewe, zinaoteshwa maabara, zinarudishwa. Safi kabisa. Sina neno.

Ila muuza sindano za magoti hataki kukuonyesha miaka ile ya Thomas. Anataka kukuonyesha mbwa.

Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba hata mafuta ya mwilini yana seli zenye tabia za seli shina, na hapo ndipo mlango wa biashara ulipofunguka, maana mafuta hayaadimiki. Mnyama analazwa kwa dawa ya usingizi, anatolewa kipande cha mafuta. Kinaoshwa, kinachanganywa na kimeng'enya kinachokiyeyusha, kinazungushwa kwenye mashine mpaka seli zitue chini, zinavutwa kwenye sindano na kurudishwa kwenye kiungo. Wakati mwingine yote yanaisha siku hiyo hiyo. Halafu mwenye mbwa anaambiwa seli hizo "zinajua pa kwenda" na "zinajenga gegedu jipya", ule mto laini wa kati ya mifupa. Arnold Caplan, mtu aliyezipa seli za jamii hii jina mwaka 1991, aliandika mwaka 2017 kwamba mwilini hazifanyi ujenzi huo. Zinatoa kemikali zinazotuliza na kuamsha seli nyingine zilizopo. Matangazo hayajapata habari.

Turudi kwa shahidi wetu mwenye mkia.

Hoja yenyewe inavutia, nakiri. Binadamu akiambiwa amepewa dawa kali, anajisikia nafuu hata kama ni maji ya chumvi. Mbwa hajui amedungwa nini, hajasoma tangazo, hajalipa. Kwa hiyo akitembea vizuri, basi dawa imefanya kazi. Si ndivyo?

Sivyo. Mbwa hajazi fomu. Fomu anaijaza mwenye mbwa. Ni wewe unayeulizwa leo anapandaje ngazi, anaamkaje, anacheza kiasi gani, mpe alama kuanzia sifuri hadi kumi. Wewe uliyekopa ili alipiwe. Wewe uliyemlalisha miguuni pako miaka kumi na mbili na hutaki kusikia kwamba mwisho unakaribia. Utampa ngapi?

Hili limepimwa, tena vizuri. Mwaka 2012 Michael Conzemius na Richard Evans walichapisha matokeo ya mbwa 58 wenye maumivu ya viungo, wote kutoka kundi lililopewa dawa tupu katika jaribio la dawa ya maumivu. Dawa tupu, hamna kitu ndani. Waliweka maoni ya watu upande mmoja na vipimo vya bamba la nguvu upande wa pili. Bamba hilo linazamishwa sakafuni kwenye kijia, na mbwa anapitishwa juu yake kwa kamba, mara kadhaa, kwa mwendo ule ule. Akiharakisha, mnarudia. Akisimama kunusa ukuta, mnarudia. Akigeuka kumtazama bwana wake, mnarudia. Bamba linaandika kila mguu umekanyaga kwa nguvu kiasi gani, basi. Halimpendi mbwa wala halijalipa kitu. Na bamba liliposema mguu uko vile vile, wenye mbwa waliona nafuu isiyokuwepo kwa kiasi cha asilimia 57. Zaidi ya nusu!

Mkisema ni kwa sababu wale ni watu wa kawaida, madaktari wa mifugo waliokuwa wakiwatazama mbwa hao hao nao walianguka kwenye shimo hilo kati ya asilimia 40 na 45. Watu waliosomea kuchechemea.

Kwa hiyo ni kweli mbwa hadanganyiki. Aliyedanganyika ni aliyeshika simu akirekodi.

Na kuna jambo jingine ambalo kila aliyewahi kufuga mnyama mzee analijua lakini analisahau akiwa kliniki. Maumivu ya viungo hupanda na kushuka. Hakuna anayempeleka mbwa kwa daktari siku anayoruka-ruka. Anapelekwa siku ameshindwa kuinuka. Baada ya siku mbaya kuliko zote, siku yoyote ile ina nafasi kubwa ya kuwa afadhali, hata kama alichodungwa ni maji. Ongeza kwamba baada ya sindano anaambiwa apumzike, asiruke, apunguzwe uzito, na mara nyingi anapewa vidonge vya maumivu juu yake. Kisha seli zinapewa sifa zote! Na ile picha ya "kabla", mpigaji hakuambii kama ilichukuliwa alfajiri mbwa alipotoka kulala. Mbwa mwenye viungo vibovu akiamka amekakamaa, akitembea kidogo analegea. Ukitaka, unaweza kupiga "kabla" na "baada" siku moja, kwa mbwa mmoja, bila sindano yoyote, na ukabaki na muda wa chai.

Siwaonei huruma kidogo wenye mbwa. Nawaonea sana. Ndiyo maana nachukia jinsi upendo wao unavyogeuzwa kuwa ushahidi, halafu ushahidi huo unapelekwa kwa mama wa watu mwenye magoti.

Kuhusu magoti, jibu lipo na si la kusisimua. Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilitoa jaribio la watu karibu 480 wenye magoti yaliyosagika, waliogawanywa kwa bahati nasibu: wengine seli za uboho wao, wengine za mafuta yao, wengine za kitovu cha watoto wachanga, na wengine sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo ni ya siku nyingi na haina tangazo. Baada ya mwaka mmoja, hakuna seli iliyoishinda steroidi. Wote walipata nafuu kiasi. Fikirieni sasa kila mmoja wa hao waliodungwa seli angerekodi video yake.

Farasi nao wana kisa chao, na hapa inanibidi nilegeze kidogo. Mwaka 2019 Ulaya iliidhinisha dawa ya kwanza ya seli shina kwa wanyama, ya farasi wanaochechemea kwa viungo. Kabla ya hapo ililinganishwa na maji ya chumvi. Sijui kwa nini wanaosambaza video za mbwa hawaitaji kamwe. Pengine kwa sababu ukiitaja, mtu atauliza: na yenu mmelinganisha na nini?

Usalama nauacha kwa mstari mmoja: mwaka 2018 nchini Marekani watu 12 waliodungwa bidhaa za damu ya kitovu waliishia na maambukizi ya bakteria, kwa hiyo "ni kitu cha asili" si kinga ya kitu chochote.

Kinachonichemsha zaidi ni hili la kumlipisha mgonjwa na kuliita utafiti. Wanawake watatu waliotibiwa Florida, Marekani, wenye umri kati ya miaka 72 na 88, walidungwa seli za mafuta yao kwenye macho yote mawili siku moja, mwaka 2015, kila mmoja akilipa dola 5,000. Macho mawili, siku moja! Hata asiyejua udaktari angebakiza moja. Kisa chao kilichapishwa mwaka 2017: waliharibika macho vibaya, mmoja wao hata mwanga haoni. Baadhi yao waliamini wako kwenye jaribio la kitabibu, kwa kuwa lilikuwa limeandikishwa kwenye orodha ya serikali ya majaribio. Kuandikishwa huko hakukuwa na maana kwamba kuna mtu amelikagua na kulipitisha. Mwaka mmoja kabla ya taarifa hiyo, Leigh Turner na Paul Knoepfler walikuwa wamehesabu kliniki 570 nchini humo zinazojitangaza kwa mgonjwa moja kwa moja.

Binamu, nimekujibu kwenye simu ukanyamaza, kwa hiyo nakujibu hapa. Nitampeleka shangazi kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo, na tutazungumza juu ya sindano atakayoichagua yeye. Wakitokea watu wa seli, nina maswali mawili tu. Nani kwenye utafiti wenu anapata maji ya chumvi bila kujua? Na kwa nini anayefanyiwa utafiti ndiye anayelipa?